Karatasi ya Mwenye Kipindi

Mimi huitwa Ubao. Si jina alilonipa mama. Nilipewa na mwalimu wa taaluma wa shule yetu, Ijumaa moja saa nane mchana, katika kikao cha walimu arobaini, na nilikaa nalo miaka minne nikimngoja aliyenipa.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha nne, na nina mtindo wangu. Naandika hesabu ubaoni, nawapa wanafunzi mgongo, naanza kuitatua huku nikijisemesha kwa sauti, na katikati ya kazi napachika kosa la makusudi. Kisha naendelea kujisemesha kama mtu aliyechanganyikiwa, mpaka mmoja wao ashindwe kuvumilia na kupiga kelele, "Mwalimu, hapo umekosea!" Hapo darasa zima huamka, maana hakuna kitu mwanafunzi anachokipenda kama kumkamata mwalimu wake. Siku hiyo mwalimu wa taaluma aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa dakika kumi na mbili, akaandika, akatoka. Kosa langu lilikamatwa dakika ya kumi na nne.

Wiki iliyofuata alisimama kikaoni na karatasi yake. Hakuwa ameniita kwanza wala kuniuliza neno. Akasoma: "Mwalimu hana mpangilio. Mwalimu anakosea hesabu za kidato anachofundisha. Mwalimu hazungumzi na wanafunzi, anazungumza na ubao." Chumba kizima kikaangua kicheko. Niliposimama nieleze, akaniambia, "Kaa, mwalimu, kikao si cha kujitetea." Nikakaa. Nikanyang'anywa kidato cha nne, nikapewa kidato cha kwanza na ufunguo wa stoo ya chaki, na kufikia Jumatatu hata mpishi wa shule alikuwa ananiita Ubao.

Wengine husahau. Mimi sikusahau, na sitaki kudanganya kwamba nilijaribu. Kila nilipoifungua ile stoo na vumbi la chaki likaniingia puani, nilimwona amesimama anasoma. Alipopandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu nilimpa mkono wa pongezi pamoja na wenzangu, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani na ndiye ninayeishi naye, alichoka kunisikiliza.

"Mdogo wangu, huyo mtu umempa chumba kichwani mwako bure," aliniambia jioni moja huku akipindisha upindo wa gauni la mteja. "Mtoe."

"Atatoka siku atakayoaibika kama mimi," nilimjibu.

"Na asipoaibika?"

"Ataaibika tu."

Nafasi ilikuja yenyewe, na ililetwa na yeye. Matokeo ya shule yalikuwa yameporomoka miaka miwili mfululizo. Afisa elimu akamwandikia barua: aunde timu ya walimu itakayoongoza ufundishaji wenyewe, si mambo ya mageti na madawati na nani kachelewa, na kabla mwaka haujaisha timu hiyo ionekane inafanya kazi. La sivyo akabidhi ofisi. Akaniita. Ofisi yake ilikuwa na pazia zito, kabati la mafaili lililofika karibu na dari na kiti cha mgeni kilicholegea mguu mmoja, hivyo ukikaa lazima ujibane usiyumbe.

"Karibu, kaa, mwalimu," alisema. "Hivi unajua kidato chako cha kwanza ndicho pekee kinachofanya vizuri hisabati hapa shuleni?"

"Najua."

"Nataka uniundie hii timu. Mimi nakwambia ukweli, sijui hata pa kuanzia."

"Nitaiunda, mkuu. Ila kanuni naandika mimi."

"Wewe andika, niletee nisaini tu."

Nikaandika kanuni nne, na sijawahi kuandika kitu kwa raha kama ile. Ya kwanza: anayemtembelea mwenzake darasani anakaa tangu kengele ya kuanza hadi kengele ya kumaliza. Ya pili: anaandika alichokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio, haandiki anachofikiri. Ya tatu: kipindi kikiisha, karatasi anapewa mwenye kipindi. Ni yake, haina nakala, haisomwi na mtu mwingine mpaka mwenyewe apende. Ya nne: kila aliye katika timu atatembelewa darasani, na mwalimu mkuu ni mmoja wa timu.

Alisaini amesimama, simu imebanwa begani, bila kusoma. Alikuwa hajashika chaki miaka minne. Mimi nilitoka mle ofisini moyo ukinidunda kwa furaha, na jioni ile nikapita dukani nikanunua karatasi za kaboni.

Tulikuwa wanne. Mimi, mkuu, mwalimu wa historia tuliyemwita Babu kwa sababu alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na mwalimu wa fizikia, binti aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Huyu tulimwita Binti Fizikia. Alikuwa anatembea na barua ya kuacha kazi ndani ya mkoba wake, na mimi pekee ndiye niliyeonyeshwa.

Tulianza na Babu. Nilikaa nyuma ya darasa lake nikachora madawati yote, na kila alipomuuliza mtoto swali niliweka alama kwenye dawati lake. Kengele ilipolia nikampa mchoro. Aliuangalia kwa muda mrefu, miwani kaishusha hadi puani. Alama zote zilikuwa kwenye safu mbili za mbele.

"Hawa wa nyuma mimi huwa siwaulizi kabisa?" akaniuliza.

"Mimi nimeandika nilichoona tu, Babu."

"Miaka thelathini na moja," akasema. Akaukunja mchoro, akautia mfukoni. Kesho yake alianza kufundisha akiwa amesimama katikati ya darasa, na watoto wa nyuma wakawa hawana pa kujificha.

Kisha Binti Fizikia. Yeye alifundisha kama mtu anayekimbizwa. Niliandika: "Umeuliza maswali ishirini na moja. Kumi na tisa umeyajibu mwenyewe." Aliisomea karatasi yake stoo, kati ya maboksi ya chaki, akalia.

"Dada, mimi hii kazi siiwezi," alisema. "Nikinyamaza naona wananicheka."

"Hawakucheki, wanafikiri. Uso wa mtu anayefikiri hauna uzuri wowote."

Akacheka kidogo huku anafuta pua. Tukakaa pale tukatunga swali moja tu, tukakubaliana akiuliza anyamaze, ahesabu kumi moyoni. Wiki iliyofuata alikuja stoo mbio, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi. "Dada, amejibu! Yule wa dirishani asiyesemaga kitu! Nilikuwa nimefika nane!" Akafungua mkoba, akaitoa ile barua, akaichana vipande vidogo mbele yangu. Nilimkumbatia, na nilikuwa na furaha ya kweli.

Nitasema wazi: niliipenda ile timu. Tulikutana kila Jumanne mle stoo, tumekalia maboksi, kila mtu na karatasi yake, na watu walisema makosa yao kwa midomo yao wenyewe bila kusukumwa. Walimu wasio wa timu wakaanza kunisimamisha kwenye korido. "Ubao, na mimi lini?" Jina lenyewe likaanza kupoteza makali. Watoto waliokuwa wanasinzia vipindi vya mchana wakaanza kubishana na walimu wao, na kelele zile zilikuwa tamu masikioni mwangu. Nilikuwa nimeiunda timu iwe mtego, ikatokea kuwa kazi bora niliyowahi kufanya. Lakini mtego sikuutegua.

Zamu ya mkuu aliipangua mara tatu. Mara ya kwanza ana wageni, mara ya pili ana kikao, mara ya tatu jino linamuuma.

"Mimi la kwangu lilishang'oka, mkuu," Babu alimwambia, "na nilifundisha hivyo hivyo."

Tukacheka wote, na mkuu naye akacheka, akakosa pa kutokea. Akapangiwa Alhamisi, jiografia kidato cha pili, mada ya mvua. Asubuhi ile niliweka karatasi ya kaboni katikati ya kurasa mbili za daftari langu, nikazibana vizuri kwa klipu. Kanuni ya tatu niliivunja kabla hata kengele haijalia, bila kusita.

Mkuu aliingia, akafungua kitabu. Niliandika kila kitu. Dakika ya tatu: mwalimu anasoma kitabu kwa sauti, wanafunzi wanamtazama. Dakika ya saba: amesema "tumeelewana?" mara ya sita, hakuna aliyejibu. Dakika ya kumi na tano: mwanafunzi wa safu ya tatu anauliza, "Mwalimu, kama mawingu ni maji, kwa nini hayaanguki yote mara moja?" Mwalimu anajibu, "Hilo si la leo." Dakika ya ishirini: wanafunzi watatu wamelala. Dakika ya ishirini na mbili: mwalimu anageukia ubao. Anazungumza na ubao. Dakika ya thelathini na moja: bado anazungumza na ubao. Sikuongeza hata neno moja la chumvi, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Mwisho nikahesabu "tumeelewana" zote. Zilikuwa thelathini na nne.

Nikamfuata ofisini, nikampa karatasi ya juu. Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaikunjua, akainuka akasimama kando ya lile kabati la mafaili, hanitazami.

"Ni kweli yote," alisema. "Sijui nilianza lini kuwa hivi." Akaikunja tena. "Mwalimu, ile siku yako. Nilikuwa na madarasa sita ya kukagua kabla ya saa sita. Nilitoka mapema. Wiki ile ile baada ya kikao, mwanafunzi mmoja alinieleza kwamba lile kosa huwa unaliweka makusudi."

"Wiki ile ile?"

"Ndiyo. Nikaona haya kurudi kusema. Nisamehe. Na unisaidie kufundisha, tafadhali."

Nilihisi damu imenipanda hadi masikioni. Alikuwa anajua! Miaka minne ninahesabu maboksi ya chaki, naitwa Ubao na watoto wa watu, na yeye anajua na anapita zake kwenye korido ananisalimia. Aliniaibisha mbele ya walimu arobaini, sasa ananiomba radhi mbele ya kabati.

"Nitakusaidia, mkuu," nilisema, nikatoka na nakala yangu kwapani.

Kikao cha kufunga mwaka kilikuja na afisa elimu mwenyewe, mwanamama mtulivu mwenye kalamu ya wino. Mkuu alitoa hotuba fupi, akanisifu, akanikaribisha nieleze timu inavyofanya kazi. Nikasimama. Nikaeleza kanuni ya kwanza, nikaeleza ya pili. Ya tatu nikairuka. Nikasema, "Na sasa niwape mfano wa karatasi yetu moja," nikaitoa ile nakala, herufi zake za buluu zimetoka vizuri kuliko hata nilivyotarajia.

Nilisoma taratibu. Kwenye "tumeelewana" walicheka, kama walivyocheka zamani. Nilipofika kwenye jiografia na mvua wakajua ni nani, na kicheko kikakatika mahali pamoja kama redio iliyozimwa. Mimi nikaendelea. Mkuu alisimama, uso umemvimba.

"Mwalimu, hiyo karatasi ni yangu."

"Kaa, mkuu," nilisema. "Kikao si cha kujitetea."

Akakaa. Jamani, utamu wa dakika ile siwezi kuuficha. Niliisoma hadi mstari wa mwisho kwa sauti iliyotulia, nikawatazama mmoja mmoja wale waliowahi kunicheka, nikaona hakuna anayeweza kunitazama. Afisa elimu alikuwa anaandika. Babu alikuwa anatazama viatu vyake. Binti Fizikia alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, midomo imebanwa. Nilimwona vizuri sana, na bado sikuacha kusoma.

Nyumbani nilimsimulia dada kila neno, nimesimama, naigiza sauti. Alisimamisha cherehani asikie vizuri. Nilipomaliza akauma uzi, akautema.

"Hiyo kaboni ulinunua lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na timu mlianza lini?"

Nikachukua taulo langu. Akakanyaga cherehani, ikaendelea kunguruma, na mimi nikaenda kuoga.

Likizo ikapita. Mkuu alihamishiwa ofisi fulani ya kutunza vifaa, akaondoka bila kuaga. Shule ikaletewa mkuu mpya, na mimi nikapewa barua ya kuwa mwalimu wa taaluma. Ndiyo, kiti kile kile. Nilikaa juu yake siku ya kwanza, nikazunguka nacho mara mbili, nikasema moyoni, haya, sasa.

Nilibandika ratiba mpya ya kutembeleana kwenye ubao wa matangazo, na kalamu nikaifunga kwa uzi kando yake. Wiki mbili hakuna aliyeandika jina. Jumanne nilifungua stoo, nikakaa juu ya boksi, nikangoja. Alikuja Babu peke yake, hakukaa.

"Nimekuja kuchukua nakala zangu," alisema.

"Babu, wewe sina nakala yako. Nakuapia."

"Mkuu aliyeondoka naye alijua huna yake," akasema kwa upole, akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Nilikasirika. Nikasema, kama hawaji kwa hiari watakuja kwa ratiba, sasa nina mamlaka hayo. Nikapanga majina mwenyewe, na wa kwanza nikamweka Binti Fizikia, kwa sababu niliamini yeye ananijua. Yeye nilimshika mkono wakati hata kusimama mbele ya watoto hawezi. Kama kuna mtu mmoja angenirudishia ile Jumanne ya zamani, ni yeye.

Nilipoingia darasani kwake alisimama wima. Blauzi imepigwa pasi, ubao umefutwa hadi unang'aa, tarehe imeandikwa kwa rangi mbili.

"Karibu sana, madam," alisema. Zamani aliniita dada.

Nikakaa nyuma. Akauliza swali la kwanza. Mikono yote ikaruka juu kwa pamoja, hamsini na miwili, kabla hajafunga mdomo. Akamchagua mmoja, akasimama, akajibu jibu kamili, refu, lenye mkato na kituo, kama limesomwa. Swali la pili likawa hivyo hivyo, na la tatu. Hakuna aliyekosea. Hakuna aliyesita. Binti mwenyewe alikuwa anatabasamu bila kuacha, jasho linamtiririka shingoni.

Swali la nne ndipo nilipoona. Wote aliowachagua walikuwa wamenyoosha mkono wa kulia. Wengine, zaidi ya nusu ya darasa, walikuwa wamenyoosha wa kushoto. Kila mwalimu anaufahamu mchezo huo, na wengi wetu tumewahi kuucheza: anayejua anyooshe kulia, asiyejua anyooshe kushoto, mkaguzi akija aone msitu wa mikono. Tunawafundisha watoto siku moja kabla. Tunaucheza kwa mtu tunayemwogopa.

Msichana aliyekuwa amekaa karibu nami alikuwa na mkono wa kushoto juu, ameunyoosha mpaka bega limepanda. Aliona nimeuona. Akanitazama kwa macho ya kuniomba, nisimuulize kitu. Nilitaka kusimama niseme, basi, shusheni, mimi si mkaguzi. Nilimtazama Binti Fizikia mbele kule, naye alikuwa anatazama, si uso wangu, bali kalamu yangu.

Kanuni ni yangu mwenyewe: andika ulichokiona. Nikiandika mikono ya kushoto, nimemmaliza. Nikiiacha, kipindi kile hakitamfaa kitu yeye wala wale watoto, leo wala kesho. Nilikaa na kalamu hewani kwa muda mrefu mpaka sauti yake ikaanza kukatika.

Nikaandika: "Dakika ya tisa. Wanafunzi wote wamenyoosha mikono." Niliendelea hivyo hadi kengele. Nikampa karatasi. Aliisoma haraka, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na alipofika chini alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyeachiwa.

"Asante, madam," alisema. "Asante sana kwa kutuona vizuri."